Kagua mialoni kabla ya msimu wa kuwinda kulungu

Wiki chache kabla ya msimu kufunguliwa, ingia msituni ukiwa na darubini badala ya bunduki, utazame vilele vya mialoni, miti ambayo matunda yake huliwa na kulungu, ili ujue ni miti ipi iliyozaa mwaka huu, kwa kuwa mwaloni uliojaa matunda mwaka jana unaweza kukosa kabisa msimu unaofuata. Tofautisha aina zake: mialoni myeupe, ambayo kingo za majani yake zina mikunjo ya mviringo, hukomaza matunda kwa mwaka 1, na kulungu huyapendelea kwa sababu yana kiasi kidogo cha tanini, kemikali inayoleta uchungu, ilhali mialoni myekundu, yenye majani ya ncha kali, huhitaji miaka 2, na matunda yake machungu mara nyingi huliwa baadaye, yale matamu yakiisha. Chini ya mti tafuta maganda yaliyopasuliwa, kinyesi kibichi na nyayo. Matunda mengi yasiyoguswa, kwa maoni yangu, ni sababu tosha ya kuhamia mti mwingine. Fanya ukaguzi huo adhuhuri, wanyama wanapopumzika, wala usirudi kila siku, maana harufu yako hubaki.