Kabla Hujalipia Ampu ya Gitaa Iliyotumika

Mpiga gitaa wa Uganda asiye na fedha za ampu mpya (chombo cha kukuza sauti ya gitaa) namshauri atafute ampu ya transista iliyotumika, kwa sababu kasoro zake nyingi ni za bei ndogo. Ampu ya vali, yaani ile inayokuza sauti kwa mirija ya kioo badala ya transista, itakudai vali mpya kila za zamani zinapochoka, na kuzipata huku kwetu ni kazi. Ya transista ikitunzwa hupiga miaka mingi, na ikiugua, fundi wa redio wa mtaani anaweza kuifungua na kuielewa. Lakini zipo kasoro chache zinazoigeuza kuwa mzigo, na hizo uzijue kabla fedha hazijatoka mfukoni.

Usianze na sauti. Igeuze ampu, usome maandishi ya nyuma. Umeme wa Uganda ni volti 240, hezi 50. Ampu iliyotengenezwa kwa soko la Marekani imeandikwa volti 120, ya soko la Japani volti 100. Ukiichomeka hiyo ukutani, ukibahatika itakatika fyuzi tu. Usipobahatika inaungua transfoma. Kubadilisha plagi hakubadilishi volti, hata muuzaji akikuapia. Ikiwa bado unaitaka, jumlisha bei ya transfoma ya kushusha umeme, yenye uwezo unaozidi wati za matumizi zilizoandikwa hapo hapo nyuma. Wati hizo ni za umeme unaoingia, si za sauti inayotoka, kwa hiyo usidanganywe na tarakimu kubwa.

Kisha tazama plagi yenyewe. Ampu ya gitaa inatakiwa iwe na pini tatu, na waya wa ardhi uwe mzima ndani. Nyuzi za gitaa lako zimeungana na chuma cha ampu kupitia kebo. Hitilafu ikitokea na ardhi haipo, umeme unafika vidoleni. Ukisogeza midomo kwenye maikrofoni, unapita mwilini mwako. Watu wamekufa hivyo. Ukiona muuzaji anafungua soketi kwa kijiti ili aingize plagi ya pini mbili, mwambie kwa heshima kwamba hutaishika mpaka ardhi irudishwe.

Sasa jiulize utapigia wapi. Kwa mazoezi chumbani, wati 10 au 15 zinatosha kabisa. Kanisani penye ngoma na kinanda, tafuta wati 50 na kuendelea, na spika ya inchi 12. Usilipe fedha nyingi kwa ajili ya wati 100 ukidhani sauti itakuwa maradufu ya wati 50: tofauti ni desibeli 3 tu, sikio linaihisi kidogo. Kwa wanaopiga sebene, kama ndugu zetu wengi Wakongo kwenye ibada za Kiswahili Kampala, transista si chaguo la mtu maskini. Inabaki safi hata ukiongeza sauti, kila noti inasikika peke yake. Ampu ya transista ya Roland JC-120, iliyotoka mwaka 1975, imejijengea heshima duniani kwa usafi huo huo.

Nenda na gitaa lako na kebo unayoiamini. Omba ampu isiwashwe kabla hujafika, na ukifika iguse nyuma: ikiwa ya moto, subiri ipoe. Kuna ampu zinazokataa kuwaka zikiwa baridi, na nyingine hukatika zikishapata joto, kwa hiyo iwashe ukae nayo nusu saa nzima ukipiga.

Mlio mdogo wa "pu" wakati wa kuwasha ni wa kawaida. Lakini koni ya spika ikiruka mbele au ikavutwa nyuma na kubaki hapo, zima mara moja. Maana yake transista za mwisho, zile zinazosukuma spika, zimekufa na umeme wa moja kwa moja (DC) unakwenda kwenye spika. Ukiendelea, spika nayo inaungua. Ukiwa na mita ya umeme, pima DC pale nyaya zinapoungana na spika bila kupiga gitaa: inatakiwa karibu na sifuri. Ukikuta volti kadhaa, ondoka. Usiingize mkono ndani zaidi ya hapo, kwa kuwa kapasita hushikilia umeme hata plagi ikiwa imechomolewa.

Chomoa kebo ya gitaa usikilize. Mvumo mzito usiokoma hata sauti ikiwa sifuri mara nyingi ni kapasita zilizokauka. Zinabadilishika, ila ni kazi ya fundi, kwa hiyo ipunguzie bei. Mkwaruzo unapozungusha vifundo ni vumbi tu, dawa ya kusafishia inaumaliza.

Kuna hila moja ninayotaka kila mnunuzi aijue. Ampu inatoa sauti hafifu au inakatika, na muuzaji anaiuza kama mbovu. Kama nyuma ina matundu yaliyoandikwa SEND na RETURN (ya kupeleka sauti kwenye vifaa vya nje na kuirudisha), yaunganishe kwa kebo fupi. Sauti ikirudi nzima, ugonjwa ni kutu kwenye tundu la RETURN, basi. Tundu la hedifoni nalo hufanya vivyo hivyo: likishika kutu linaiziba spika. Ingiza na kutoa jeki mara kadhaa usikie.

Fyuzi iliyofungwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, au yenye ampea kubwa kuliko ilivyoandikwa, inakuambia kwamba mtu alikuwa anafunika tatizo. Hiyo mimi nisingeinunua hata kwa bei ya chakula. Spika iliyobadilishwa si kosa, mradi omu zake (kipimo cha ukinzani wa umeme) zisiwe chini ya zile zilizoandikwa kwenye ampu. Ya omu 4 kwenye ampu ya omu 8 huzichosha transista. Isukume koni taratibu kwa vidole vyote: ikikwaruza ndani, koili imegusa sumaku.

Ampu zenye sauti nyingi za kidijitali zinavutia vijana, lakini bodi yake ikifa, fundi wa kawaida hana la kufanya. Ya kawaida inayotumia chipu kama TDA7293 au LM3886 anaitibu, kwani chipu hizo zimo pia kwenye redio kubwa za nyumbani.

Mkikubaliana, andikianeni karatasi yenye namba ya ampu, jina la muuzaji na namba ya kitambulisho chake. Vyombo vya kanisa huibwa. Usiipakie nyuma ya boda bila godoro au blanketi chini yake, maana mitikisiko inalegeza viungo vya risasi ya kulehemu ndani na springi za mwangwi. Nyumbani iwekee stebilaiza, na umeme ukikatika izime na uichomoe, kwa sababu unaporudi huja na kishindo.