Somo: Mkunga mpya, wiki yako ya kwanza kwenye zahanati ya kisiwani

Umepangiwa zahanati ya Ukara, ya Kome, au kijiji cha ndani huko Magu, mkoani Mwanza. Ukisharipoti kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, muulizie mratibu wa afya ya uzazi na mtoto. Huyo ndiye utakayempigia saa nane usiku, kwa hiyo chukua namba yake kabla hujaulizia nyumba ya kupanga.

1. Ambubagi kwanza, yaani mfuko wa kumpulizia hewa mtoto asiyepumua. Usikabidhiwe chumba cha kuzalia kwa maneno. Ziba barakoa kwa kiganja, minya mfuko: hewa itoke kwa mlio kwenye valvu, na ukiachia mfuko ujae mara moja. Usipojaa, mara nyingi umeunganishwa vibaya baada ya kuoshwa. Barakoa namba 1 ni ya mtoto aliyetimiza miezi, namba 0 ya njiti. Zote mbili zikae mezani, si kabatini kwenye kufuli.

2. Oksitosini, sindano ya kukaza mfuko wa uzazi ili mama asivuje damu. Hutunzwa kwenye nyuzi 2 hadi 8. Mtoto akitoka, papasa tumbo uhakikishe hakuna pacha, kisha choma yuniti 10 pajani ndani ya dakika 1. Kichupa kilichoshinda kwenye trei ya joto huonekana safi vilevile, ila nguvu imepungua. Mama anavuja damu na wewe umeshaandika kuwa dawa imetolewa. Kitoe jokofuni mama anapokaribia kusukuma.

3. Jiki ya asilimia 3.5: kikombe 1 kwa vikombe 6 vya maji. Vifaa viloweke dakika 10, vioshwe kwa sabuni, ndipo vitakaswe.

4. Njia ya rufaa. Namba ya m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura wa wajawazito na watoto wachanga, ni 115, bure. Hata hivyo mjue mwenye boti la injini, anayeshika petroli, na jaketi za kuokolea ziko ngapi.

5. Wakunga wa jadi. Wafuate nyumbani. Usukumani anza na "mwangaluka, mayo" (salamu ya asubuhi kwa mama), zahanati itajwe baadaye. Kuhusu dawa za kienyeji za kuongeza uchungu, uliza bila kukaripia. Mama akikuficha, utaona uchungu mkali mfululizo na mapigo ya mtoto yakishuka bila kujua chanzo.

MASWALI

Sista, jokofu la sola likizima siku mbili?
Tumia misoprostoli, nayo hukaza mfuko wa uzazi lakini haihitaji jokofu: vidonge 3 vya mikrogramu 200, anywe mtoto akishatoka. Pacha akiwa bado tumboni, usithubutu. Mfuko wa uzazi unaweza kupasuka.

Mama ana uzazi wa saba, anasema wote sita aliwazaa salama nyumbani. Nimwambieje?
Mwambie mfuko uliobeba mimba nyingi huchelewa kukaza, na damu hutokea hapo. Mwite mume na mama mkwe pia, maana nauli iko kwao. Kuanzia wiki ya 36 akakae karibu na kituo chenye upasuaji.

Na akija kwangu tayari anasukuma?
Weka kanula (mrija mdogo wa kupitishia maji na dawa) mshipani kabla mtoto hajatoka. Mishipa ikishasinyaa kwa kupoteza damu, utaitafuta kwa tochi usiipate.