Kubeba Noeli Kidogo Kidogo: Kwa Anayefanya Kazi Mjini na Kulala Katuba

Mimi ni keshia katika depo ya vifaa vya ujenzi katikati ya Lubumbashi, Kongo, na kwangu ni Katuba, mtaa wa mji huohuo. Asubuhi natoka giza halijaisha, jioni nafika watoto wameshaoga. Jumamosi tunafunga mchana, Jumapili ni ya misa na kufua. Mwenye wiki ya namna hii hapati siku ya kwenda kununua Noeli. Alichonacho ni njia, ileile ya kwenda na kurudi kazini. Basi Noeli ibebe humo, jioni baada ya jioni, kuanzia mwezi wa kumi, ili tarehe 20 ya mwezi wa kumi na mbili ikukute umebakiza kutafuta vile vinavyooza tu.

Wiki ya mwisho mji si uleule. Soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, linafurika mpaka wauzaji wanapanga bidhaa barabarani. Watu wanakuwa wengi kuliko magari, na shofere aliyekuwa akikufikisha Katuba kwa nauli moja anaanza kukata njia: mjini mpaka Kenya, halafu Kenya mpaka Katuba, kila kipande na malipo yake. Ukipanda na mfuko wa mchele wa kilo 25, reseveri (konda) anaudai nauli kama abiria. Na mvua ya Desemba inapenda kunyesha alasiri, saa ambayo wewe unatoka kazini. Mama aliyeanza mwezi wa kumi anayapita hayo yote akiwa na mkoba wake tu mkononi.

Kaa na karatasi mapema. Usiandike chakula cha kutamani, andika kile ambacho nyumba yako inakula kweli siku hiyo. Kwangu ni wali, bukari (ugali) kwa wale ambao bila bukari hawajala, kuku, tomsoni (samaki wa barafu) wa kukaanga, sombe (majani ya muhogo), maharage, vitumbula vya asubuhi, na vinywaji vya watoto na wageni. Kisha weka alama kwa vile vinavyokaa: makala (makaa ya kupikia), mchele, unga, mafuta, sukari, chumvi, maharage, makayabu (samaki wa chumvi), maziwa ya unga, sabuni. Hivyo ndivyo mzigo wa njia. Nyanya, sombe, nyama na samaki wa barafu waache kwanza.

Anza na makala, hata kabla ya mchele. Wengi wanayaona kuwa kitu cha kununua siku yenyewe, na hapo ndipo pesa nyingi hupotea. Mvua zikishika kuanzia mwezi wa kumi na moja, njia za kutoka porini zinakuwa matope, baiskeli zinazoleta mifuko zinapungua, bei inapanda, na makala yenyewe yanakuja yamelowa. Umeme ukikatika, hata wale wanaopikia umeme wote wanakimbilia mbabula (jiko la makala) siku moja, na mama wa makala anajua. Nunua mfuko wako mapema mwezi wa kumi, wakati bado ni makavu. Usiuangalie juu tu, pale palipopangwa vipande vikubwa. Ingiza mkono mpaka chini, ushike kama ni vumbi. Gonganisha vipande viwili: makala yaliyoiva yanalia kama vyuma, mabichi yanatoa sauti butu na yatakuletea moshi. Nyumbani yaweke juu ya matofali, mbali na ukuta unaovuja. Huu ndio mzigo pekee ambao mimi siubebi mwenyewe. Namlipa kijana wa mkokoteni wa mtaani anayejua nyumba yangu.

Unga una mambo yake. Sehemu kubwa ya mahindi na unga tunaokula inatoka Zambia, inapitia Kasumbalesa, kama kilomita 90 kutoka hapa. Malori yakisimama mpakani, bei ya bukari inapanda mjini kabla hujasikia sababu. Mwaka 2024 Zambia ilipigwa na ukame mkubwa, na sisi tunaokula mahindi yake lazima tuziangalie mvua za huko kama zetu. Kwa hiyo usiusubiri mwezi wa kumi na mbili kununua unga, lakini usiununue mapema mno pia, kwa maana wakati wa mvua unavuta unyevu na kuingia wadudu. Mwezi mmoja kabla unatosha. Uweke juu ya ubao, na mfuko ukishafunguliwa hamishia unga kwenye ndoo yenye kifuniko.

Sasa njia yenyewe. Kanuni yangu ni kwamba mzigo ukae mapajani. Kinachokaa mapajani reseveri hakidai, na hakuna wa kukikanyaga. Kwa mchele hiyo ni kama kilo 5, kwa mafuta ni bido (dumu) ya lita 5, na kamwe si vyote viwili jioni moja. Wiki hii mchele, wiki ijayo mafuta, inayofuata sukari na maziwa ya unga. Mizigo midogo ina faida nyingine: majirani hawaoni chochote kikiingia, kwa hiyo hakuna anayekuja kukopa sukari ya Noeli tarehe 5.

Chagua mahali pa kununulia kwa kufuata nauli, usiangalie bei ya bidhaa peke yake. Maziwa ya unga, sabuni na biskuti nanunua mjini, kwenye maduka ya jumla yaliyo karibu na kazi, saa ya mapumziko, naviacha chini ya meza yangu mpaka jioni. Mwombe ruhusa mkuu wako kwanza, ili siku ya ukaguzi mfuko wako usigeuke maswali. Maharage na makayabu nayapata kwa bei nzuri zaidi Kenya, lakini kushuka Kenya ni kulipa gari la pili. Kwa hiyo nashuka mara moja kwa wiki, katikati ya wiki, na siku hiyo nachukua kila kilicho cha Kenya kwa pamoja. Siku ya mshahara sishuki kabisa. Siku hiyo wauzaji hawapunguzi bei, na wezi wa mifukoni wanajua kalenda vizuri kuliko sisi.

Ndani ya mfuko wa kitambaa weka mwingine wa plastiki nzito, ule wa kufungia godoro jipya ni mzuri sana. Sukari ikilowa mara moja imekwisha. Mvua ikianza wakati wa kutoka, kaa kazini nusu saa. Gari la kwanza linalopita kwenye mvua ndilo ambalo watu wote wanalisukumania, na hapo ndipo bido zinapasuka na simu zinapotea.

Kuhusu pesa naongea kama mtu wa kaunta. Ukilipwa kwa dola, kagua kila noti kabla hujaondoka mbele ya anayekulipa: pembe, mkunjo wa katikati, maandishi ya kalamu, muhuri. Noti iliyochanika hata kidogo pembeni mtaani hawaipokei, au wanaipokea kwa kukukata, na jioni ya tarehe 23 si wakati wa kubishana na kambiste (mbadilisha pesa). Badilisha kidogo kidogo, mchana, kwa kambiste unayemfahamu, na sokoni nenda na faranga za noti ndogo. Anayetoa dola 20 kununua makayabu hana tena nguvu ya kuomba apunguziwe.

Likelemba, yaani kuchanga pesa na kupokea kwa zamu, na wenzako wa kazi inasaidia kuliko avansi ya mshahara. Mkiwa kumi, kila mmoja akitoa dola 20 kwa mwezi, anayepokea anashika 200 kwa mkono mmoja. Kila mtu atataka zamu ya Desemba. Wewe omba ya Oktoba au Novemba: mnaponunua makala na mchele bei bado iko chini, hizo pesa zinafika mbali kuliko zingefika mwezi mmoja baadaye. Avansi mimi naikataa kila mwaka, kwa sababu inakatwa Januari, mwezi ambao hauna huruma hata ukiwa mzima.

Nguo za watoto zinahitaji subira ya aina nyingine. Peleka kikwembe (kitenge) kwa fundi kabla ya mwisho wa Oktoba, maana Novemba fundi mzuri anapokea kazi nyingi kuliko saa alizonazo. Mpimie mtoto nguo yenye nafasi, pindo la kufungua chini na pembeni, avae mpaka Pasaka. Mlipe nusu, na umwambie unataka tarehe 10 Desemba. Akichelewa wiki nzima, bado ni tarehe 17 na una muda wa kurekebisha mkono uliobana. Mafundi si watu wabaya, ni kwamba hawawezi kumkataa mteja. Pita mlangoni kwake kila wiki ukirudi kazini, msalimu tu, "Fundi, salama?" Anayeonekana ndiye anayeshonewa.

Zamu za kazi zizungumzwe Novemba. Tarehe 25 Desemba ni sikukuu ya serikali, lakini tarehe 24 na 26 siyo, na hapo ndipo nyumba nyingi zinakwama: mama yuko kazini jioni ambayo kuku anapaswa kuwa jikoni. Angalieni nani kati yenu hasherehekei siku hiyo. Wakimbangu, Wakristo wa kanisa la Simon Kimbangu, wanaadhimisha Noeli yao tarehe 25 Mei. Kazini kwetu mwenzetu Mkimbangu anatushikia zamu Desemba, nasi tunamshikia Mei, na inapokuja Idi tunafanya vilevile kwa ndugu Mwislamu. Andikeni kwenye karatasi, kila mmoja aweke saini, mkuu apewe nakala. Maneno ya mdomo ya Novemba yanasahaulika tarehe 23.

Sasa wiki ya mwisho. Kama una wazazi Likasi, Kolwezi au kijijini, watumie pesa kwa simu kabla ya tarehe 20. Zikifika 23 na 24, kibanda cha kutolea pesa kinaishiwa pesa taslimu, na mzee wako anasimama kwenye mstari siku nzima akiwa na ujumbe tu kwenye simu. Mpe nafasi ya kununua kwa utulivu kama wewe.

Kuku mnunue akiwa hai, Jumamosi ya kabla, umfunge nyuma ya nyumba na kumlisha pumba. Nyama ya kuweka kwenye friji inategemea umeme, na mimi siwezi kuiweka sikukuu ya watoto wangu juu ya umeme. Tomsoni mchukue asubuhi ya 24, mwenye barafu ngumu, jicho bado liking'aa, umkaange siku hiyohiyo. Vinywaji nunua kwenye depo ya mtaani kwako, si mjini, na hifadhi chupa tupu zako na kazie (kreti) yake tangu mwezi wa kumi, maana kazie ya bia ya Simba bila chupa tupu itakugharimu zaidi. Jaza maji kwenye bido zote tarehe 23 usiku. Umeme ukienda, maji ya bomba mara nyingi yanaufuata.

Maembe yatakuwa mengi wakati huo, nunua kwa furaha. Bowa (uyoga) pia wanaanza kuonekana kandokando ya barabara, na watoto wa hapa wanaujua utamu wake ndani ya mchuzi wa karanga. Wanunue kwa mama unayemfahamu peke yake, ambaye ulikula bowa wake miaka iliyopita na ukabaki mzima, upike siku hiyohiyo. Bowa wa kuokotwa na mtu asiyejua wanaua, na kuchemsha sana hakuiondoi sumu.

Misa ya usiku nasali parokiani kwetu. Katedrali ya Petro na Paulo ni nzuri na kwaya yake inagusa moyo, lakini ipo mjini, na baada ya misa hiyo hakuna gari la uhakika la kumrudisha mama na watoto Katuba. Anayetaka kwenda katedrali aende misa ya asubuhi ya tarehe 25, barabara zikiwa wazi.

Kabla hujanunua kitu chochote cha mwisho, tenga nauli ya Januari. Mshahara wa Desemba ukitoka kabla ya Noeli, unapaswa kukubeba zaidi ya wiki tano. Hesabu siku za kazi, zidisha kwa nauli ya kwenda na kurudi, ongeza ya watoto wa shule, tia kwenye bahasha, funga. Ukilipwa kwa siku, kumbuka pia kwamba tarehe 1, 4, 16 na 17 Januari ni sikukuu, na tajiri anaweza kuzihesabu kama siku bila malipo, muulize mapema. Na asubuhi ya tarehe 26 toka nusu saa mapema kuliko kawaida, kwa sababu shofere wengi wanakuwa bado nyumbani, na magari machache ya kwanza ya Katuba yanajaa yakiwa bado hayajafika kituoni kwako.