Kufunga jeni kwa polima, hatua kwa hatua

Nenda Mwanjelwa asubuhi uwatazame wapakiaji wakifunga magunia ya viazi kutoka Uyole. Kamba ikilegea, viazi vinamwagika njiani; ikikazwa mno, mnunuzi anahangaika kuifungua. Polima, yaani molekuli ndefu kama mnyororo, inayobeba jeni (kipande cha DNA) kuiingiza kwenye seli nayo ina kazi hizo mbili, kushika na kuachia. Wanafunzi wengi ninaowaelekeza hapa Mbeya hupima kushika tu.

Hatua ya 1: Chagua polima. Anza na polietilenimini, yaani PEI, inayotumika kwa kazi hii tangu 1995. Naitrojeni zake zina chaji chanya, fosfeti za DNA zina chaji hasi, basi hung'ang'aniana. Ubaya wake, mnyororo wake hauvunjiki kirahisi, na ikizidi huua seli. Kama unaweza kutengeneza polima yako mwenyewe, weka vifungo vya esta: maji huvikata polepole na mzigo hufunguka.

Hatua ya 2: Piga hesabu. Hapa usiharakishe. Mikrogramu 1 ya DNA ina takriban nanomoli 3 za fosfeti. Katika PEI, kila nanomoli ya naitrojeni ni nanogramu 43. Una mikrogramu 2 za DNA na unataka naitrojeni 10 kwa fosfeti 1? 2 × 3 × 10 ni nanomoli 60. Mara 43, nanogramu 2,580. Kwenye myeyusho wa miligramu 0.1 kwa mililita, chota mikrolita 26 hivi. Andaa pia uwiano wa 2, 5 na 20.

Hatua ya 3: Changanya. Zimua DNA na PEI, kila kimoja peke yake, kwa glukosi ya asilimia 5, kwa ujazo sawa. Kwenye maji ya chumvi chembe hugandana zikawa kubwa. Unganisha kwa mkupuo mmoja, subiri dakika 20. Juni na Julai, kwa baridi yetu hii, toa vimiminika kwenye friji mapema.

Hatua ya 4: Weka mchanganyiko kwenye kishimo cha jeli, kisha pitisha umeme. DNA tupu hukimbilia ncha chanya. Iliyofungwa hubaki kwenye kishimo. Wengi huishia hapo. Tafadhali, chukua sehemu nyingine uongeze heparini, ambayo ina chaji hasi kali na huinyang'anya DNA polima yake. Ikiwa DNA haitoki hata heparini ikiwa nyingi, kamba umeikaza mno. Rudi kwenye uwiano wa chini.

Hatua ya 5: Zipe seli mchanganyiko huo. Tumia jeni ya protini inayong'aa kijani, usome baada ya saa 24 na 48. Hesabu zinazong'aa, hesabu na zilizo hai. Weka kundi moja lenye PEI bila DNA, na jingine lisiloguswa. Umeme ukikatika usiku, andika saa: seli zilizopoa usizilinganishe na zilizokaa nyuzi 37.