Mrekebishe karani bila kumnyang'anya kazi
Kama unasimamia duka la pembejeo Nakuru au ghala la jumla karibu na soko la Kibuye, Kisumu, usimrekebishe karani mbele ya wateja. Akishaaibika hakusikii tena. Mwite kando siku hiyohiyo, dakika 15 zatosha.

Chagueni jambo moja. Tuseme jioni pesa za M-Pesa hazilingani na risiti. Usimuulize "umekosea wapi?" Mwambie, "Hebu nionyeshe unavyofanya tangu mteja anapolipa." Kisha nyamaza. Hapa ndipo wasimamizi wengi huharibu: mtu akisita kidogo tu, bosi anatoa jibu, na kesho tatizo ni lilelile kwa sababu aliyefikiri ni bosi. Mwache agundue mwenyewe kwamba anatoa mzigo kabla ujumbe wa malipo haujaingia, au haandiki namba ya muamala kwenye risiti. Aseme yeye atabadilisha nini.

Siku ya kwanza fanyeni pamoja, ya pili afanye ukitazama, ya tatu mwachie. Baada ya wiki pitieni risiti 10, na zilizo sawa uzitaje pia.

Mazungumzo haya yasigeuke onyo. Ukifikia kumwachisha mtu kazi kwa utendaji duni, Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 41, inakutaka umweleze sababu kwa lugha anayoielewa, akiwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, na umsikilize kabla ya kuamua.