Somo: Homoni zinavyomgeuza kiwavi wa mlimau

Mvua za Desemba zikishika hapa Lindi, kagua majani machanga ya mlimau au mchungwa. Viwavi wa kahawia wenye baka jeupe, wanaofanana na kinyesi cha ndege, ni watoto wa kipepeo Papilio demodocus. Kwa somo hili ninawapenda kuliko wadudu wote, maana kazi ya homoni, yaani kemikali zinazobeba amri mwilini, unaiona kwa macho bila maabara.

1. Chomeka tawi lenye kiwavi kwenye chupa ya maji, ziba mdomo kwa pamba asizame. Funika kwa kitambaa chepesi. Chandarua chenye dawa kitamuua.

2. Badilisha majani kila siku, yasiwe ya mti uliopuliziwa.

3. Ngoja ajivue ngozi. Ubongo hutuma homoni ya kuamsha tezi za kifuani, nazo humwaga homoni nyingine, ekdisoni. Ekdisoni huamuru kujivua tu. Atakayetoka ndani huamuliwa na homoni ya utoto, inayotoka kwenye tezi mbili ndogo nyuma ya ubongo. Ikiwa nyingi, anatoka kiwavi tena.

4. Hapa kaa macho! Akijivua mara ya nne, kwa kawaida anatoka wa kijani. Mwaka 2008 Futahashi na Fujiwara wa Japani walieleza sababu, kwa ndugu yake Papilio xuthus: homoni ya utoto imeshuka. Walipompaka mapema kemikali inayofanana nayo, alijivua akabaki na sura ya kinyesi.

5. Akiacha kula na kujifunga kwa uzi, usimguse. Homoni ya utoto ilishakwisha, na ekdisoni inamfanya pupa, hatua ya kutulia kabla ya kuwa kipepeo.

MASWALI

Newala: Shikamoo mwalimu. Kiwavi akitolewa ubongo?

Marahaba. Kopeć wa Polandi alijaribu, akachapisha mwaka 1917 na 1922. Kiwavi wa hatua ya mwisho aliyetolewa ubongo mapema aliendelea kuishi lakini hakuwa pupa. Aliyetolewa ubongo baadaye aligeuka pupa, kwa kuwa amri ilishatoka.

Masasi: Na mbu wa mikorosho?

Huyo si mbu anayeuma watu, ni mdudu anayefyonza mikorosho, na hana pupa. Homoni ni zilezile. Ya utoto ikishuka, tunutu (mtoto wake asiyeruka) wa hatua ya mwisho anajivua na kutoka na mabawa.

Mtwara mjini: Kuna dawa ya namna hii?

Ipo, pairiproksifeni, inayoiga homoni ya utoto. Kiluwiluwi cha mbu kikiipata hufika hatua ya pupa kikafia humo. Mbu aliyekwisha kuruka haimwangushi, hivyo chandarua usikitoe.