Kufunga utepe wa joto kwenye heda za Subaru

Hapa nazungumzia Subaru zenye injini ya EJ, zile Forester na Impreza tulizozizoea barabarani Kenya, ambazo mwenyewe ametoa manifoldi ya ekzosi ya kiwandani akaweka heda za kununua, yaani mabomba ya kutolea moshi kwenye injini. Silinda za injini hii zimelala kulia na kushoto, na heda zinapita chini yake kabisa. Kwa hiyo mafuta ya injini yanazidondokea kutoka juu na maji ya barabarani yanazirukia kutoka chini. Utepe wa joto, ule unaozungushwa kwenye mabomba hayo kuzuia joto lisitoke, ukinywa mafuta kisha heda zikachemka, gari linaweza kushika moto. Ndiyo maana utepe wenyewe ni jambo la mwisho kununua.

Hatua ya 1: Maliza mivujo ya mafuta

Lala chini ya gari na tochi uangalie gasketi za kava za tapeti. Zikizeeka, raba hukauka ikawa ngumu, mafuta yakaanza kutambaa kwenye ukingo wa chini wa kava, ambao uko juu ya heda moja kwa moja. Ukiona uchafu mweusi unaonata hapo, au ukisimama kwenye foleni unasikia harufu ya mafuta yanayoungua, badilisha gasketi pamoja na raba za matundu ya plagi. Usikubali kupakiwa silikoni kwa nje. Osha injini, endesha wiki mbili, kisha rudi chini uangalie. Pakiwa pakavu, endelea.

Hatua ya 2: Jua heda zako ni za chuma gani

Utepe huzuia joto lisitoke, na joto hilo hubaki ndani ya bomba. Injini ikifanya kazi nzito, moshi unaotoka kwenye silinda unaweza kupita nyuzi 800 za Selsiasi. Chuma cha kawaida kikifungiwa joto la namna hiyo hubambuka magamba, na unyevu ukibaki chini ya utepe, kutu hukila bila wewe kuona. Watengenezaji wengi wa heda huondoa dhamana ukishazifunga utepe.

Gusisha sumaku. Ikishika kwa nguvu, hicho ni chuma cha kawaida au stenlesi ya daraja la chini, na ushauri wangu ni usifunge, hasa ukiwa Mombasa au Tanga kwenye hewa ya chumvi. Tengeneza kinga ya bati lenye nafasi ya hewa kati yake na bomba, au zipeleke zikapakwe rangi ya kauri. Kama ni stenlesi nzuri, utepe unafaa: chumba cha injini kinapoa, na nyaya na raba za draivshafti zilizo karibu na ekzosi zinadumu zaidi. Nguvu ya farasi usiitarajie sana.

Hatua ya 3: Pima, nunua

Chukua utepe wa upana wa milimita 50, na wa milimita 25 kwa kona kali. Ule wa nyuzi za kioo wa kawaida huvumilia takriban nyuzi 650 za Selsiasi. Kwa gari la turbo nunua ule wa mawe ya basalti. Hesabu ni nyepesi. Bomba la kipenyo cha milimita 42 lina mzunguko wa sentimita 13 na kidogo. Kila duru ikipanda juu ya iliyotangulia kwa milimita 12, unasogea milimita 38, hivyo bomba la sentimita 40 linakula kama mita moja na nusu. Zidisha kwa idadi ya mabomba, ongeza sehemu yanapokutana. Vifungio vya kubana ncha za utepe viwe vya stenlesi, kwani vya plastiki vitayeyuka siku ya kwanza.

Hatua ya 4: Toa heda

Nyunyizia nati dawa ya kutu usiku wa kuamkia kazi, injini ikiwa baridi. Stadi (bolti isiyo na kichwa inayoshika nati) ikikatikia ndani ya hedi ya alumini, yaani kichwa cha silinda, kazi ya asubuhi moja inageuka kuwa ya mashine shopu. Toa sensa ya oksijeni, sugua heda kwa brashi ya waya, zifute hadi kitambaa kitoke safi.

Hatua ya 5: Funga

Vaa glavu, miwani, barakoa na mikono mirefu. Nyuzi za utepe zinawasha ngozi vibaya. Loweka utepe kwenye maji ili ulainike na vumbi lisipeperuke. Panapopanda bomba, anzia chini kwenda juu, ili duru zilaliane kama mabati ya paa na maji yateremke bila kuingia. Acha sentimita tatu karibu na flanji, bamba la kufungia heda, ili soketi ipite kwenye nati. Kaza kwa kuuvuta utepe mkono mmoja huku mwingine ukilizungusha bomba. Kwenye kona, upande wa ndani utajikunja, uache ulaliane zaidi lakini upande wa nje usibaki wazi. Usifunike tundu la sensa.

Rudisha heda kwa gasketi mpya.

Hatua ya 6: Washa mara ya kwanza

Toa gari nje, mbali na nyumba, na uwe na kizimamoto karibu. Utatoka moshi mweupe wenye harufu kali, kisha utapungua wenyewe. Moshi ukizidi kuwa mzito au ukaona mwali, zima. Injini ikishapoa, kaza tena vifungio, maana utepe hulegea ukikauka.

Kuanzia hapo, chunga siku ya kubadilisha mafuta. Filta ya mafuta ya EJ iko katikati ya mabomba ya heda, na ukiifungua lazima imwage kidogo. Funika utepe kwa foili na mfuko wa plastiki kabla hujaigusa, na utoe vyote kabla ya kuwasha. Kipande kilicholowa mafuta usikioshe, kikate ufunge kipya. Masika yakiisha, fungua sentimita chache sehemu ya chini kabisa uone chuma kiko vipi.